Kidole Kipi, cha Asubuhi au cha Mchana?

We, una vidole vingapi? Usinicheke, hesabu. Mikononi kumi, miguuni kumi, jumla ishirini, si ndiyo? Haya, umekosea. Umeacha kimoja. Na hicho kimoja ulichokiacha ndicho kilichonitoa jasho mimi pale Garsen mpaka kanga ikanishika mgongoni, kikanigombanisha na daktari mbele za watu, na mzee wangu, mtu mpole hata kuku hawezi kumfukuza, akaweka mkono wake juu ya meza ya serikali akasema akatwe yeye.

Subiri kwanza, nimeruka. Wacha nianzie mwanzo, usije ukaenda kusimulia vibaya ukasema nyanya ndiye kasema hivyo.

Ilikuwa ile miaka ya tisini inakatika, baada ya elinino kutumwagia mto mpaka jikoni. Maji yalikuwa yameshuka, lakini njia zilikuwa bado zimeliwa, na sisi tulikuwa tumerudi kwenye shamba letu la kando ya mto kupanda upya. Tulikuwa watatu nyumbani: mimi, mzee wangu, na mjukuu wetu wa kike, mtoto wa binti yangu aliyeolewa upande wa Madogo. Aliniachia asome kwetu. Kusoma alisoma, ila kazi yake hasa ilikuwa kuongea. Huyo mtoto alikuwa na mdomo, we! Akiamka anaongea, akipiga mswaki anaongea na povu, akilala anamalizia alichokuwa akisema. Mzee wangu alikuwa akitoka alfajiri kwenda shamba, watu wanamsifu, "Mzee huyu anapenda kazi." Kazi gani? Alikuwa anapumzisha masikio.

Sasa, siku moja nimepika kambare na sima. Nyumbani kwetu kichwa cha kambare kilikuwa cha huyo mtoto. Alikuwa akikigombania na babu yake kama kesi ya shamba. Nikamwekea. Akakiangalia. Akasema, "Sitaki."

Basi. Neno moja. Nikaweka mwiko chini.

"Hutaki nini?"

Kimya. Kajikunja kama jongoo, kashika kitovu.

"Makoma hayo," mzee wangu akasema huku mkono wake umeshafika kwenye kile kichwa. "Mtoto anatafuna makoma tangu asubuhi kama punda. Tunda lenyewe gumu, unasugua meno mpaka unasahau ulianza lini. Yamemfunga tumbo."

Makoma unayajua, yale ya kwenye mikoma, kahawia, watoto wote wa Tana wamekua nayo mdomoni. Mimi nikasema sawa, makoma, nikaenda kuchemsha mwarobaini. Mtoto alipouona mwarobaini akasema amepona. Amepona, akatapika, akalala.

Kulipokucha, nikamuuliza, "Kitovu kinauma bado?"

Akatikisa kichwa. Akaniwekea kidole huku chini, upande wa kulia, juu ya nyonga. "Imehamia hapa."

Ndipo akaingia rafiki yangu wa maziwa. Huyu ni mama wa Kiorma, wao wana ng'ombe, sisi tuna mashamba, kila asubuhi aliniletea maziwa mimi nikampa ndizi, na katikati tunatukanana kidogo ili siku ianze vizuri.

"Nyumba hii leo kimya," akasema. "Nani amekufa?"

"Mtoto anaumwa tumbo. Na tumbo lenyewe limekuwa kama nyinyi, halikai mahali pamoja. Jana kitovuni, leo limehamia kulia, nadhani linatafuta malisho."

Akacheka, akaweka kibuyu chake chini. "Mama, hii chango. Mimi najua chango. Lete samli nasugua."

Samli ikaletwa. Akapaka mkono, akaugusisha tu pale kulia, hajasugua hata, mtoto akapiga ukelele na teke. Teke likapata kibuyu. Maziwa yote chini.

"Maziwa yangu!" Halafu nikamwona anamtazama mtoto, hayatazami maziwa. Hilo ndilo lililonitisha. Mwenye maziwa kuacha kuyatazama maziwa! Akaniambia polepole, "Mama, hii si chango. Chango inapenda mkono. Hii haitaki mkono kabisa. Peleka Garsen. Peleka sasa."

Tukatoka. Mzee wangu akamweka mtoto nyuma ya baiskeli, akaisukuma. Mimi nyuma na furushi la nguo, birika, na mkebe wenye kipande cha kambare, kwa sababu nilisema moyoni, mtoto akibadilisha mawazo njiani atakula nini? Kila baiskeli ikiingia shimo, mtoto analia. Ikitoka shimo, analia. Na ile njia baada ya elinino, bwana, hakukuwa na njia yenye mashimo, kulikuwa na mashimo yenye njia kidogo.

Pale kituo cha afya tukampata daktari, kijana wa bara, ndevu zake bado zilikuwa zinaomba ruhusa ya kutoka. Kiswahili chake kilikuwa kinapanda mlima, lakini alikuwa na adabu. Akamlaza mtoto kitandani, akaniuliza, "Mama, njiani, baiskeli ikiingia kwa shimo, mtoto alikuwa analia?"

Mimi nikafurahi. Nikasema, alhamdulillahi, mtu wa serikali ameuliza habari ya barabara. "Daktari, wewe andika! Hiyo barabara imekwisha! Wakubwa wanapita na magari, sisi tunapita na magoti."

"Pale karibu na daraja," mzee wangu akaongeza, "mimi mwenyewe nililia."

Daktari akajishika mdomo asicheke. "Nauliza tumbo, mzee. Shimo likimtingisha, tumbo liliuma?"

"Liliuma sana."

"Haya." Akaweka vidole vyake pale kulia, akabonyeza taratibu, taratibu. Mtoto akakunja uso tu. Halafu akaachia ghafla. Mtoto akaruka.

"Umeona!" nikamwambia. "Ukibonyeza analia kidogo, ukiachia analia sana. Basi wewe usiachie."

"Na mimi nitasimama hapa mpaka lini, mama?"

"Mpaka apone."

Akacheka huyo kijana, lakini macho yake hayakucheka. Akatueleza yeye ana wasiwasi wake, ila hapa kwetu malaria nayo huja na tumbo, minyoo huja na tumbo, hata mkojo ukiwa mchafu huja na tumbo. Na kitu anachokihofia yeye kinataka upasuaji, na wa kupasua yuko Malindi. Gari la kituo ni moja. Njia imeliwa, gari likienda leo halirudi leo. "Nikimpeleka huyu, na iwe ni makoma tu," akasema, "halafu nyuma hapa mama mjamzito azidiwe, mimi nitampeleka na nini? Na nikimbakisha na iwe ndicho ninachohofia, tutampoteza mtoto. Kwa hivyo nataka damu iniambie."

Sikia, hapo niliposikia "tutampoteza", mengine yote yalipita juu ya kichwa. Nikakaa chini pale pale sakafuni, mpaka mzee wangu akaniinua.

Tukapelekwa chumba cha kupimia damu. Mle ndani alikuwamo bwana mmoja mrefu, mwembamba kama mwanzi, mtu wa upande wa Kipini. Wewe unajua watu wa huko wanavyosema, Kiswahili chao kile cha zamani, kitamu. Akamtazama mjukuu wangu kwa huruma, akamwambia, "Ndoo, mwanangu, ndoo."

Mtoto akatazama huku na huku. Mimi nikaona ndoo kwenye pembe, nikasema huyu bwana anataka kunawa, nikaibeba nikampelekea.

Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi. "Hii ya nini, mama?"

"Si umesema ndoo?"

"Nimemwita mtoto. Aje hapa."

"Sasa si useme njoo!"

"Ndiyo hilo nililosema. Ndoo."

Nikairudisha ndoo. Ningekuwa na akili, hapo ndipo ningefahamu kwamba siku hiyo maneno yamekataa kukaa sawa, lakini sikufahamu.

Basi yule bwana akamshika mtoto mkono wa kushoto, akachagua kidole cha pete, akakipangusa, tap! akakitoboa. Damu ikatoka, akaivuta kwa kijimrija chembamba, nyingine akaipaka kwenye kioo. Kidole akakibandika pamba. Halafu akakaa kwenye ile mashini yake ya kuchungulia, jicho moja ndani, na mkononi ana kidude cha chuma, anabonyeza kwa dole gumba, tik, tik, tik, tik. Midomo inacheza. Mimi nikadhani anavuta uradi. Nikasema moyoni, masikini, mtu mwema, anamwombea mtoto. Aliponyamaza nikanyanyua mikono nikaitikia kwa sauti, "Amina!"

Akaruka kwenye kiti. "Amina ya nini?"

"Ya dua yako."

"Mama, nahesabu askari."

"Askari wako wapi?"

"Ndani ya damu." Akanieleza, na nashukuru alikuwa mtu wa subira. Damu, anasema, ina wekundu, hao ni wachukuzi, kazi yao kubeba pumzi. Na ina weupe, wachache, hao ndio askari. Mwilini kukizuka shari, weupe wanaongezeka, wanakimbilia huko. Yeye anawahesabu aone kama kumetulia au kuna vita.

"Askari weupe?" nikasema. Mimi nilizaliwa wakati wa mkoloni, nawakumbuka na kaptura zao. "Yaani tumewafukuza nchini, wameingia kwenye damu ya mjukuu wangu?"

Mzee wangu akasema, "Waulize kama wamekuja na kodi."

Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani. Akaandika hesabu yake akaipeleka kwa daktari. Daktari akatuambia: malaria hakuna. Askari wamezidi, lakini wamezidi kidogo, na kuzidi kidogo hata kifua kinaweza kuleta. "Damu inanionyesha kuna moto," akasema, "haijanionyesha ni mkubwa kiasi gani. Tungoje mpaka baada ya adhuhuri, tupime tena. Tukiona wamepanda, tunaondoka. Asile kitu, asinywe kitu."

Asile kitu! Na mimi nina mkebe wangu. Nikautoa nje nikauweka dirishani. Paka wa kituo aliumaliza huku ananitazama, hana hata aibu.

Tukakaa kwenye benchi. Mtoto ameegemea paja langu, hasemi. Ningempa mtu shamba siku ile kama angemfanya aseme. Rafiki yangu wa maziwa akaja, alikuwa ameshuka Garsen kuuza maziwa mengine, akapita kutuona. Nikamweleza, wamechukua damu kwenye kidole, na watachukua tena.

"Tena?" Akainama sikioni. "Mama, mara moja ni daktari. Mara mbili ni mumiani."

"Ala! Usiniambie hivyo."

"Mimi nasema tu. Ng'ombe yangu daktari wa mifugo alichukua damu mara moja. Mara ya pili mimi nilificha ng'ombe."

"Mtoto nitamficha wapi mimi?"

Mumiani, wanaonyonya watu damu! Hadithi hiyo nilimtishia nayo mjukuu wangu mwenyewe ili asitoke jioni. Sasa nikawa natishika nayo mimi, mchana kweupe, kwenye benchi.

Baada ya adhuhuri yule bwana wa Kipini akatoka, akasema ndoo, safari hii hakuna aliyetafuta ndoo. Akatoboa kidole kingine, cha mkono wa kulia, cha katikati. Tik, tik, tik, tik. Mimi nilisimama mlangoni nasikiliza. Asubuhi ile tik-tik ilikuwa inakwenda kama mtu anayetembea. Mchana ilikuwa inakwenda kama mvua juu ya mabati.

Daktari akamgusa mtoto tumbo tena, likawa limekaza kama ngozi ya ngoma. Akasoma hesabu. Akageuka, haraka, uso umebadilika.

"Mama, damu imesema. Asubuhi na mchana haifanani, askari wamepanda sana. Na tumbo ndilo linaniambia moto uko upande gani. Ni kidole. Kimevimba, kina usaha. Lazima kikatwe leo hii. Kikipasuka, usaha unaenea, na huyu mtoto hatutakuwa naye."

Sasa wewe niambie. Mtoto amekuja na tumbo. Amefika, wamemtoboa kidole cha kushoto. Wamemtoboa kidole cha kulia. Na sasa mtu ananiambia kidole kimevimba kina usaha. Ungefikiri nini?

Nikauliza, kwa adabu kwanza, "Kidole kipi? Cha asubuhi au cha mchana?"

Daktari akanitazama. "Kidole ni kimoja tu, mama."

"Kimoja! Kwa hiyo kingine ni kizima?"

"Kingine kipi?"

"Ananiuliza mimi! Si nyinyi mliovitoboa?" Nikamchomoa mtoto, nikamkumbatia, nikaificha mikono yake yote miwili ndani ya kanga yangu. "Mtoto nimemleta ana vidole vizima! Kama mmemtoboa na sindano chafu, kipakeni dawa! Tumbo linauma, nyinyi mnakata kidole! Kesho akiumwa kichwa mtakata mguu!"

"Mama, sikiliza..."

"Sisikilizi! Na kama ni cha asubuhi ndiyo vibaya zaidi, hicho ni kidole cha pete! Huyu ni msichana! Bwana harusi atamvika pete wapi, puani?"

Watu wakajaa mlangoni. Rafiki yangu wa maziwa yuko nyuma anapiga kelele, "Mumiani! Mimi nilisema!" Mtoto akaanza kulia, amesikia anakatwa vidole. Daktari naye anatazama saa, anatazama gari nje, jasho linamtoka, Kiswahili kimemkimbia, anasema tu, "Kidole, mama, kidole, hatuna saa."

Ndipo mzee wangu akasogea mbele. Akavua kofia. Akakunja shati mpaka kwenye kiwiko. Akalaza mkono wake wa kulia juu ya meza ya daktari, vidole vimetandazwa.

"Daktari," akasema, "kata changu. Mimi vyangu nimevitumia vya kutosha. Chagua chochote, ila hiki cha shahada niachie, cha kusalia."

Mimi hapo, nakuambia, nimeolewa na huyu mtu miaka yote, nilimpenda upya.

Kelele hizo ndizo zilizomtoa yule bwana wa Kipini chumbani kwake. Akauliza kuna nini. Daktari akamwambia, "Nimewaambia ni kidole tumbo, wamekataa." Loo! Daktari alikuwa amesahau kusema nusu ya neno.

Yule bwana alitazama mkono wa mzee wangu juu ya meza. Akatazama kanga yangu ilivyotuna. Akaelewa. Akachukua glavu, zile za mpira, akaviingiza vidole vyote ndani, akaacha kimoja tu kinaning'inia.

"Mama, mfuko huu tuseme ni utumbo, huku chini kulia. Na hiki hapa kinachoning'inia, kila binadamu anacho ndani, kinaitwa kidole tumbo. Si cha mkono. Kikiziba hapa mlangoni, ndani kinavimba, kinaoza. Ndicho kilichoita askari wote hawa. Vidole vya mkononi vyote ni vyake, hakuna anayevitaka."

Nikamkazia macho. "Mimi nimesafisha matumbo ya mbuzi tangu niko mdogo. Sijaona kidole hata siku moja."

"Mbuzi hana."

"Hana?"

"Hana. Tunacho sisi."

"Basi mbuzi amependelewa," nikasema. Na mikono yangu ikalegea. Nikaitoa ile mikono midogo kwenye kanga, na pamba zake mbili, moja ya asubuhi, moja ya mchana. Nikamuuliza daktari, safari hii kwa sauti ya chini, "Mkikitoa, mtoto anabaki?"

"Tukiwahi, anabaki."

"Kwa nini bado tumesimama?"

Mzee wangu akakohoa. Mkono bado uko mezani. "Kwa hiyo huu niutoe?"

"Toa, mzee," daktari akasema.

"Mna hakika? Nisije nikaambiwa niurudishe."

Tukawa tunatoka, daktari akaniletea karatasi ya kukubali upasuaji. Akasema, "Mama, weka kidole hapa."

Nikarudi nyuma nikaficha mikono mgongoni. "Mmehamia kwangu?"

Alikuwa anataka alama ya dole gumba, kwani mimi kuandika sijui. Shule nilifika nikauona mlango, nikarudishwa shambani kuamia ndege kwenye mpunga. Yule bwana wa Kipini alikuwa ameshikilia ukuta kwa kucheka, mpaka akakaa chini na koti lake jeupe.

Safari ya Malindi sitaki kuikumbuka sana. Dereva alikuwa akifika kwenye shimo anapunguza, anasema "samahani mtoto", mpaka tunafika Tarasaa alikuwa ameomba samahani kuliko mtu aliyevunja ndoa. Mimi nimemshika mtoto, naomba Mungu. Nilimwambia Mungu, mrudishie maneno yake tu, nitayasikiliza yote. Mzee wangu akasema na yeye aliomba hivyo hivyo, ila aliweka masharti.

Malindi wakapima damu tena, wakakuta askari wamejaa vile vile. Wakamgusa tumbo, hawakungoja. Akaingizwa. Sisi nje kwenye ukuta. Mzee wangu alikuwa anavitazama vidole vyake, anavikunja, anavikunjua.

Mpasuaji alikuwa mwanamke, mtu mzima kama binti yangu. Akatoka, akasema kimetoka kizima, kilikuwa kimebakisha kidogo kupasuka. Nikamwambia, mwanangu, nimegombana na wilaya nzima kwa ajili ya hicho kitu, nionyeshe. Akanionyesha kwenye kibakuli. Kitu kidogo! Chekundu, kimenona, kama kimeng'atwa na nge. Nikageuza shingo, nikakitazama huku na huku.

"Unatafuta nini, mama?"

"Ukucha."

Yule mama alilazimika kuweka kibakuli chini.

Mtoto alipozinduka, kitu cha kwanza hakuita mama, hakuita maji. Aliinua mikono yake mbele ya uso, akaanza kuhesabu kwa midomo. Akafika kumi. Akaanza upya. Halafu akanigeukia, sauti imekauka, "Nyanya, hesabu na wewe, mimi nina usingizi naweza kukosea."

Nikahesabu. Nikambusu kimoja kimoja. Cha asubuhi na cha mchana nikavibusu mara mbili.

Tuliporudi nyumbani, habari ilikuwa imefika kabla yetu, na imefika vibaya. Watu walikuja kutupa pole, lakini macho yote kwenye mikono ya mtoto. Rafiki yangu wa maziwa akamshika, akavihesabu mwenyewe, hakuniamini. Akaniambia, "Na chango iko wapi?"

"Imebaki Malindi, kwenye kibakuli. Haina ukucha."

"Nilisema si chango!"

"Ulisema chango kwanza!"

"Kwanza ilikuwa chango. Halafu ikahama."

Siku hiyo nikapika kambare. Kichwa nikamwekea mtoto. Mzee wangu alikitazama, akameza mate, akatazama pembeni, na huo ndio upendo, wewe usitafute mwingine. Mtoto akakikamata kwa vidole vyote kumi, akala huku anaongea: gari, mpasuaji, kitanda chenye magurudumu, paka wa Garsen, yule bwana anayeita watu ndoo. Mimi nimekaa nasikiliza kila neno kama nilivyomwahidi Mungu.

Alipofika kwenye jicho la samaki, nikamuuliza, "Sasa niambie mimi. Wewe mwenye mdomo kama huo, tumbo linakuua, mbona ulinyamaza?"

Akalamba kidole. "Niliogopa mwarobaini."

"Mwarobaini! Ulikuwa unataka kufa kwa sababu ya mwarobaini?"

"Nyanya, wewe huuonji kabla ya kutunywesha."

Mzee wangu akasema, "Hapo mtoto amesema kweli."

"Wewe nyamaza. Na wewe, nitazame. Utaniahidi nini?"

Akaweka kichwa cha kambare chini. Akafuta mikono kwenye gauni, akauinua ule wa kushoto, na kile kidole cha pete kikiwa bado na alama ndogo ya sindano, akaniahidi mbele ya babu yake: "Nikiumwa tena, nyanya, hata kidogo, nitakwambia pale pale, nitakuamsha, nitakufuata shambani, nitakufuata msikitini, wewe ukiweka mwarobaini mbali tu, mimi sitanyamaza tena maisha yangu yote."